Kinga Isiyo na Jina: Gari, Mvua na Deheni Kisii na Nyamira

Mgeni aingiapo nchi ya Wagusii hukaribishwa na rangi mbili ambazo hazimwachi mpaka aondoke. Ya kwanza ni kijani cha migomba na michai iliyofunika vilima tangu Kisii hadi Nyamira. Ya pili ni wekundu wa udongo. Mvua ndiyo mama wa zote mbili. Katika nyanda hizi hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na aghalabu hunyesha alasiri, baada ya mawingu kujikusanya kutoka upande wa Ziwa Viktoria na kugota vilimani. Udongo ukilowa hunata. Ukikauka hugeuka vumbi linalopenya hata pale ambapo hewa hupita kwa shida. Mkulima huishukuru hali hiyo. Mwenye gari huipokea kwa moyo nusu nusu.

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: ngozi ya gari, na namna watu wa Kisii na Nyamira wanavyoitunza au wanavyoiacha iangamie. Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atajiuliza, gari na Kiswahili wapi na wapi? Na avute subira. Ndani ya jambo hili dogo mna suala la kazi na malipo yake, na mna neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani ilhali wenye kulihitaji hawajawahi kulisikia.

Rangi ya gari la kisasa si kitu kimoja. Ni tabaka juu ya tabaka. Juu ya bati la chuma hutangulia kinga ya kutu. Juu yake hupakwa praima, na juu ya praima huja rangi yenyewe, ile ambayo mnunuzi huiita nyeupe, nyeusi au buluu. Juu ya yote huja tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wa rangi nchini Kenya hulijua kwa jina la klia. Klia ndiyo inayoipa rangi kina na mng'aro, na ndiyo inayozuia miale ya jua isiichome rangi iliyo chini. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 40 na 50, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Yaani kinachosimama baina ya rangi na jua, mvua, vumbi na kinyesi cha ndege ni kitu chembamba kuliko unywele mmoja. Kila klia inaposuguliwa kwa dawa yenye chembe za kukwaruza, sehemu yake huondoka, na iliyoondoka hairudi.

Mazingira ya nyanda za juu nayo hayana huruma kwa kitu chembamba kiasi hicho. Mji wa Kisii uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na umeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi ukali, kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Baridi ya asubuhi ya Nyamira humdanganya mwenye gari akadhani kwamba jua la huko ni la upole. Si la upole. Isitoshe, mti unaompa mwenye gari kivuli ndio unaowapa ndege makao, na kinyesi cha ndege kina asidi ambayo, ikiachwa siku mbili tatu juu ya bati lenye joto, huacha alama isiyofutika kwa maji. Vumbi la barabara za changarawe nalo lina chembe ngumu. Mtu anayelipangusa kwa kitambaa kikavu huwa anapiga gari lake msasa bila kujua.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamira, aliyefundisha Kiswahili katika shule za upili kwa miaka mingi, aliyajua haya baada ya hasara. Alikuwa amenunua gari lake la kwanza kwa sehemu ya kiinua mgongo: gari dogo la buluu iliyokolea, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini Kenya, na wanunuzi wengi huchagua lililokaribia mpaka huo kwa kuwa bei yake ndiyo inayomudika. Gari la namna hiyo huwasili Kisii likiwa na jua na mvua ya miaka saba mwilini, na limesafiri takriban kilomita 800 kutoka bandarini. Kabla ya kulionyesha, muuzaji hulisugua hadi likang'aa kama kioo. Mwalimu aliuona mng'aro huo akaridhika. Hakujua kwamba ulikuwa umepatikana kwa kupunguza klia iliyobaki.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukiyoyoma, doa jeupe lenye ukubwa wa sarafu lilijitokeza juu ya paa. Mvua za masika zilipokwisha, doa lilikuwa na upana wa sahani, na kingo zake zilibambuka kama gamba la nyoka anayejivua. Fundi wa rangi mjini Kisii alilitazama, akaupitisha ukucha wake pembeni mwa doa, akatikisa kichwa. Klia ikishabambuka haina dawa ya kuirudisha. Ni kupiga msasa na kupaka upya. Bei aliyoitaja ya gari zima ililingana na karo ya mwaka ya mjukuu ambaye Mwalimu anamlea. Mwalimu hakuwa na haja ya kupiga hesabu mara mbili. Paa likaachwa kama lilivyo. Swali lililobaki lilikuwa kama boneti na milango, ambavyo vilikuwa vingali vizima, vingeweza kuokolewa.

Jibu hakulipata kwa fundi wa rangi. Alilipata kwa kijana aoshaye magari pembezoni mwa mji, mzaliwa wa Tabaka, kule Mugirango Kusini ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa. Mwanafunzi wa Kiswahili asikiapo jina la mahali hapo hukumbuka papo hapo neno tabaka, la kitu kilicholala juu ya kingine au la watu waliowekwa juu ya wenzao, na kwa habari ya rangi ya gari maana zote mbili zinafaa. Mama wa kijana huyo ni mmoja wa wanawake wengi wa Tabaka ambao hulainisha mawe yaliyochongwa. Kwa hiyo kijana alikua akiyaona mambo ambayo wenye magari huyasoma katika maandishi ya kopo. Jiwe likishachongwa husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kuanzia msasa mkali hadi msasa laini, hukaushwa, kisha hupakwa nta na kupanguswa kwa kitambaa hadi likawaka. Neno msasa lenyewe lina historia ya kupendeza, maana ni jina la mti ambao majani yake makavu yanakwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika.

Mwalimu alipomwuliza kijana sababu ya paa kuharibika, kijana hakujibu kwa maneno kwanza. Alimwaga maji juu ya boneti. Maji yakatandaa bapa, yakatulia kama shuka. Kisha akateremka hadi kwenye kijito, akakata jani la nduma, akalimwagia maji yaleyale. Maji yakajikunja yakawa matone ya mviringo, yakabingirika na kuanguka, na jani likabaki kavu.

"Jani hili halijaoshwa na mtu tangu lichipuke, Mwalimu," kijana akasema. "Lina nta yake."

"Na gari langu?"

"Lilikuwa nayo. Imeondolewa na sabuni ya unga, wiki baada ya wiki."

"Basi mbona mnatumia sabuni ya unga, mwanangu?"

"Mteja hulipia povu, Mwalimu. Asipoliona povu, husema gari halijaoshwa."

Katika jibu hilo mna kiini cha jambo zima. Kazi ya kuosha huonekana: uchafu ulikuwapo, sasa haupo. Kazi ya kung'arisha huonekana zaidi, kwani mwenye gari hujiona uso wake mlangoni. Kazi ya kukinga haionekani kamwe. Anayekinga hulipwa, ikiwa atalipwa, kwa ajili ya doa ambalo halikutokea na paa ambalo halikubambuka. Ni nani atatoa shilingi mfukoni kununua kitu kisichotokea? Kwa sababu hii, tangu Daraja Mbili hadi Keroka, mbao za bei penye maosheo hutaja kuosha nje, kuosha ndani, kuosha injini na kufua mazulia. Ni nadra kuuona mstari unaotaja kinga.

Hata hivyo njia za kukinga zipo, na si siri. Ya kale zaidi ni nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64, kwa hivyo haivumilii sana boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana kutwa. Nta ya carnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, huhimili zaidi ya nyuzi 80. Mti huo huitengeneza nta kwa sababu ileile ambayo mwenye gari huinunulia, yaani kujistiri dhidi ya jua na ukame. Lakini nta hukaa juu ya rangi bila kushikamana nayo sana, na baada ya wiki kadhaa, au miezi miwili mitatu kwa gari linaloheshimiwa, huwa imekwisha. Baada ya nta vikaja viowevu vya viwandani vilivyotengenezwa kwa polima. Hivi hushikamana na klia kwa nguvu zaidi, na kwa kawaida hudumu miezi minne hadi sita. Vipo na vya karibuni zaidi vyenye silika, ambavyo hudumu miaka, lakini bei yake na umakini unaohitajika kuvipaka huwaweka mbali na mwalimu mstaafu wa Nyamira.

Kijana alikuwa na kopo moja la kiowevu cha polima, alilotumiwa kutoka Nairobi, na yeye na wenzake walikiita silanti, kama walivyolisikia jina lake la Kiingereza. Alikuwa amejifunza kukitumia kwa kukijaribu kwenye mlango mbovu uliotupwa nyuma ya gereji. Asubuhi moja alilifanyia kazi gari la Mwalimu, na namna alivyoifanya inastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa maana ndani yake mna ujuzi.

Kwanza alilimwagia maji mengi bila kuligusa, ili udongo ushuke wenyewe. Pili aliweka ndoo mbili, moja ya sabuni laini ya magari na moja ya maji matupu ya kusuuzia sifongo, ili changarawe iliyotoka mlangoni isirudishwe mlangoni. Aliosha kuanzia juu kushuka chini, kwa kuwa uchafu mkali hukaa karibu na magurudumu. Tatu alipitisha udongo maalumu wa kunata juu ya rangi iliyoloweshwa, na udongo huo ukang'oa chembe za lami na vumbi la breki ambazo sabuni haikuzishinda. Mwalimu alipoupapasa mlango baadaye, aliukuta laini kama jiwe la Tabaka lililokwisha kupigwa msasa wa mwisho. Nne alilikausha gari, akalisogeza chini ya paa la mabati alilokuwa ameliazima kwa jirani, maana kiowevu hakipakwi juani wala kwenye bati lenye joto. Ndipo akakipaka, kidogo mno, kwa sifongo, kipande baada ya kipande. Kilipokauka na kuacha ukungu mwepesi, aliupangusa kwa kitambaa laini. Paa hakuligusa. "Hilo limekwisha kufa, Mwalimu," alisema. "Hii haifufui. Hii hulinda walio hai."

Kisha akamsihi Mwalimu asiliondoe gari mpaka kesho yake, ili tabaka lile lipate kukomaa kabla ya kuguswa na maji. Hapo pana tatizo la pekee la Kisii na Nyamira, kwa kuwa mvua ya alasiri haingoji. Anayetaka kulipaka gari kiowevu hiki sharti aanze alfajiri na awe na mahali penye paa. Kazi yote ilichukua nusu siku, muda ambao kijana angeosha magari sita na kupokea ujira wake hapo hapo. Mwalimu alimlipa vizuri. Lakini mteja wa pili hakutokea wiki hiyo, wala wiki iliyofuata.

Aliporudi kusalimia, Mwalimu alimwuliza kijana jinsi anavyowaeleza wateja wake. Kijana akasema kwamba akiwaambia silanti, hudhani ni aina ya gundi. Akiwaambia polishi, hufikiri ni ileile waliyozoea. Hili la pili lina madhara makubwa kuliko linavyosikika. Katika maosheo mengi neno polishi hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: dawa ya kukwaruza inayoondoa mikwaruzo pamoja na sehemu ya klia, nta inayotandazwa juu bila kuondoa chochote, na kiowevu cha polima. Mteja anayetaka kulinda rangi husema, "Nipigie polishi," na hupewa dawa ya kukwaruza. Gari hung'aa. Mteja hufurahi, huondoka, na baada ya miezi mitatu hurudi kulipia tena upunguzaji wa kile alichotaka kihifadhiwe. Kwa hakika paa la Mwalimu, pamoja na kuuawa na jua, liliuawa na upungufu wa msamiati.

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Halafu akasema kwamba Kiswahili kina neno, tena la zamani: deheni.

Waswahili wa pwani walikuwa na taaluma kamili ya kukinga vyombo kabla gari la kwanza halijaonekana Afrika Mashariki. Fundi wa jahazi alipokwisha kuziunganisha mbao, alizitia kalafati, yaani alizijaza nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipenye. Sehemu ya juu ya chombo ilipakwa sifa, mafuta ya papa, ili jua na mvua zisizipasue mbao. Sehemu inayozama ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta mazito. Kazi hiyo haikufanywa mara moja ikasahauliwa. Chombo kilisubiriwa maji ya bahari yakupwe, kikalazwa mchangani, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, kisha kikarudishwa majini. Na baada ya miezi kadhaa utaratibu ukarudiwa. Katika vijiji vya waunda majahazi kama Matondoni, kisiwani Lamu, hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa anasa. Tena mafuta ya papa hunuka. Hakuna aliyeyapaka ili watu wamsifu, ingawa jina lake ni sifa.

Deheni ilikuwa tabaka linalokubali kuliwa ili lililo chini yake lisiliwe. Hiyo ndiyo kazi ya kiowevu cha polima juu ya klia, wala haiko nyingine.

Kijana hakukubali mara moja, na pingamizi lake lilikuwa na mashiko. Deheni ni ya majahazi, alisema, na mteja wa Kisii hajawahi kuliona jahazi. Tena chokaa na shahamu ni kitu kimoja, na hiki cha kopo ni kitu kingine. Mwanaisimu naye angeweza kuuliza swali hilohilo kwa maneno mengine: je, maana ya neno inaweza kunyoshwa kutoka baharini hadi vilimani bila kukatika?

Mwalimu alimjibu kwa kumwuliza dereva wa matatu hushika nini mikononi. Hushika usukani, na usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Abiria hulipa nini? Hulipa nauli, na nauli ilitozwa na manahodha kabla ya makondakta kuzaliwa. Safari ikianza, watu wa bara ambao hawajaiona bahari husema kwamba imeng'oa nanga, na gari lenyewe huhesabiwa miongoni mwa vyombo vya usafiri. Kiswahili kilipoletewa gari hakikutupa msamiati wa jahazi, kiliupakia garini. Ni kweli kwamba breki, gia na boneti viliazimwa, na hakuna ubaya. Lakini pale ambapo jahazi na gari hufanya kazi moja, neno la jahazi lilihamia bila kuulizwa pasipoti. Deheni ilisahauliwa pwani kwa sababu mafundi wake hawakukutana na waosha magari wa vilimani. Kwa habari ya tofauti ya chokaa na polima, usukani wa jahazi ulikuwa wa mbao na uliingia majini, na wa gari haufanani nao kwa lolote isipokuwa kazi.

"Na jahazi hukaa majini," kijana akasema hatimaye, akitazama mawingu upande wa ziwa. "Gari la Nyamira nalo hukaa majini."

Juma lililofuata ubao wa bei uliongezwa mstari mmoja kwa rangi nyeupe: Deheni ya gari, miezi minne. Wateja waliuliza maana yake, na kule kuuliza ndiko kulikotakiwa. Neno silanti halikuulizwa, kwa kuwa kila mtu alidhani analijua. Neno deheni lilimlazimu mteja asimame, na aliposimama, kijana alimwaga maji juu ya boneti la Mwalimu, kisha juu ya boneti la mteja mwenyewe. Wengine walicheka wakaenda zao. Wengine walisema shilingi zao ni za mafuta, si za kununua matone. Wachache walikubali, mmoja wao dereva wa Probox ambaye gari lake liko kwenye mkopo, na ambaye alijua kwamba siku atakapolikamilisha deni atataka kuliuza likiwa na ngozi. Si biashara kubwa. Lakini kazi iliyokuwa haina jina ilikuwa haina bei pia, na sasa ina vyote viwili.

Pana mafunzo mawili hapa kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. La kwanza ni la istilahi. Mara nyingi uundaji wa maneno mapya hufanywa mezani, kwa kutazama neno la Kiingereza na kulitafutia mwenzake. Njia hiyo imezaa matunda, lakini huyaruka maghala mawili yaliyojaa: ufundi wa kale wa Waswahili, ambao maneno yake yamelala katika kamusi yakingoja kazi, na ufundi wa leo wa gereji, maosheo na machimbo, ambao wenyewe hujua tofauti ya vitu kabla ya kujua majina yake. Kijana wa Tabaka alijua kwamba kukwaruza, kung'arisha na kukinga ni mambo matatu. Mwalimu alijua kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenganisha. Walihitaji kukutana. Mtafiti wa istilahi anayetoka mezani na kwenda kusimama penye ndoo mbili hatarudi mikono mitupu.

La pili ni la malipo. Huzungumzwa sana kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano, utambulisho na umoja. Ni nadra kusemwa kwamba lugha ni chombo cha kutoza ujira. Kazi nyingi za kuhifadhi, iwe ni kulinda rangi, kuzibua mitaro kabla ya masika, au kumtazama mgonjwa usiku asije akaanguka, hukosa malipo kwa kuwa matokeo yake ni kutotokea kwa jambo. Neno mahususi halitoshi kuzilipia, lakini bila neno hilo hata madai hayawezi kuanza. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutaja ujira wa mziba ufa, na hadi leo mjenga ukuta ndiye anayelipwa vizuri.

Paa la gari la Mwalimu lingali jeupe katikati, na halitapakwa rangi mpaka mjukuu amalize shule. Boneti na milango ni buluu ile ile iliyokolea. Ndani ya mlango wa dereva, mahali ambapo mvua haifiki, kijana amebandika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu tarehe ya deheni iliyopita na tarehe ya ijayo, na kila baada ya miezi minne Mwalimu hushuka Kisii alfajiri, kabla mawingu hayajakusanyika.